Mti ndio unaokata, si upepo

Asubuhi ya leo nimetoka na fagio, na kabla sijafika mwisho wa njia, nyuma yangu pameshajaa tena. Majani ya njano, mekundu, mengine ya rangi ya kutu, yamelowa na kugandana kama kurasa za kitabu kilichotumbukia majini. Nimecheka peke yangu. Kila mwaka ni hivi hivi, na kila mwaka nafagia nikidhani safari hii nitamaliza.

Majira ya majani kupukutika yameingia. Vitabu vingine huyaita vuli, ila mimi nikisikia neno hilo nasikia mvua, kwa hiyo nitabaki na jina hili refu. Kwa walio kaskazini mwa ikweta huanza karibu na tarehe 22 au 23 Septemba, mchana na usiku vinapokaribia kulingana. Kwa walio kusini ni karibu na 20 au 21 Machi. Kuanzia hapo giza linajiongezea dakika chache kila siku, mpaka jioni moja unainua macho ukitaka kutazama nje, unakuta dirisha limekuwa kioo na anayekutazama ni wewe mwenyewe.

Zamani niliyachukia majira haya, kwa sababu giza lake lilinirudishia kesi zangu zote. Kiangazi mtu yuko nje, hana nafasi ya kununa. Siku zikifupika anarudi ndani, na ndani ndiko kulikolazwa viporo vyote.

Kiporo changu kilikuwa cherehani.

Mama alipofariki aliacha cherehani ya kukanyaga, nyeusi, yenye nakshi za dhahabu zilizofutika pale alipozoea kuegesha mkono wa kushoto. Hakuandika popote kwamba ni ya nani. Mimi nilijua tu kwamba itakuwa yangu, maana ndiye niliyekuwa nikimtungia uzi sindanoni macho yake yalipoanza kufifia. Mdogo wangu akaiuza. Hakuniuliza, wala hakuniambia. Nilikuja nikakuta alama nne za miguu ya chuma sakafuni, na katikati yake vumbi ambalo fagio halikuwahi kulifikia.

Nilimwambia maneno mazito. Akanijibu kwamba chuma ni chuma. Baada ya hapo tuliishi miaka minne kwa salamu za simu: "Mzima?" "Mzima." "Haya." Sikukuu zikifika tulitumiana picha za maua tulizotumiwa na watu wengine.

Sasa, najua mfano wa majani umechoka. Kila mwaka wakati kama huu hakosekani wa kukuambia uachilie kinyongo kama mti unavyoachilia majani, na mimi nilikuwa nikiambiwa hivyo natamani kumrushia mtu kitu. Wanavyousema, utadhani kuachilia ni kufumbua kiganja tu. Siku moja nikajisomea jinsi jani linavyoanguka hasa, nikagundua kwamba wasemaji hao mti hawajautazama.

Upepo hauling'oi jani. Mti wenyewe ndio unaolikata, na kazi hiyo huchukua majuma kadhaa. Mchana ukipungua na baridi ikianza, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na iliyopo huvunjwavunjwa. Ndipo njano inapoonekana, ambayo kumbe ilikuwemo jani zima kiangazi chote, imefunikwa tu. (Nyekundu ni habari nyingine: hiyo kwa sehemu kubwa hutengenezwa mwishoni hapo hapo.) Huku nyuma mti unavuta naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye jani na kuziweka akiba ndani ya matawi, shina na mizizi. Halafu pale kikonyo kinaposhikana na tawi panafanyika tabaka jembamba la seli dhaifu, na upande wa tawini tabaka jingine la kuziba kidonda. Jani linapodondoka, mti umeshajifunga. Okota kijiti ukitazame kwa karibu: pana kovu dogo, kavu, na juu yake tu pana chipukizi la mwakani, limeshajifumba linangoja.

Kuna jambo lililonikaa zaidi ya hayo yote. Tawi likivunjika katikati ya kiangazi likafa, majani yake hayaanguki. Yanakaukia pale pale, yanabaki yameng'ang'ania, ya kahawia, wakati matawi yaliyo hai yameshabaki matupu. Tawi lililokufa haliwezi kukata.

Nikaacha kujiuliza kwa nini siwezi kumsamehe mdogo wangu, nikajiuliza ninataka kubaki na nini kabla sijaiachia hasira hii. Nikakaa na daftari. Nikaandika alichonitenda bila kutia chumvi: aliuza kitu cha mama bila kuniuliza. "Kaniharibia maisha" haikuandikwa, wala "hajawahi kunijali". Kesi iliyonila miaka minne ikaenea mstari mmoja. Chini yake nikaandika nilichokuwa nikikililia, na hakikuwa chuma. Ni zile dakika za kutunga uzi, mama ananyoosha kitambaa kwa kiganja na kusema, "Haya, ona sasa." Hizo hakuziuza, na hata angetaka asingepata mnunuzi. Nikabaki nazo.

Kwa hiyo kama una mtu wako, nakushauri uanze na kalamu. Kosa likiwa kichwani halina mwisho. Likiandikwa lina mwanzo na nukta.

Wala usingoje moyo ulainike ndipo uamue. Everett Worthington, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa tayari mtafiti wa mambo ya msamaha mama yake alipouawa na mtu aliyevunja nyumba, kuamkia mwaka mpya wa 1996. Yeye hutenga misamaha miwili. Upo wa uamuzi, pale unapoazimia kutolipa kisasi na kumtendea aliyekukosea kama binadamu mwenzio. Na upo wa hisia, pale uchungu wenyewe unapoanza kubadilika. Wa kwanza unaweza kuutangulia wa pili kwa muda mrefu. Kwangu mimi maneno hayo yalikuwa nafuu, kwa sababu nilikuwa najiona mnafiki: nimesema yamekwisha, lakini jina lake likitokea kwenye simu tumbo linakaza. Kumbe nilikuwa njiani. Hata mialoni michanga, iliyo hai kabisa, mara nyingi hushikilia majani yake makavu hadi machipuko, kwa hiyo usimhukumu kila mwenye majani makavu kwamba amekufa.

Hapa niseme jambo waziwazi, maana ushauri wa kusamehe umetumiwa vibaya mara nyingi kuwanyamazisha watu. Kusamehe si kupatana. Mtu anayekupiga unaweza kumsamehe ukiwa mbali naye, mlango umefungwa na polisi wameshaitwa. Cherehani ni jambo dogo, nalijua hilo, na sitamwekea mezani mwenye donda kubwa kama mizani.

Pamoja na kusamehe nilijifunza wema, nao kwangu uliingia kwa mlango wa nyuma. Nilishaamua, lakini ubavu wa kumpigia mdogo wangu sikuwa nao. Nikaanzia kwa watu ambao sina kesi nao. Nina jirani mzee anayetembelea mkongojo. Miaka yote nilifagia hadi mpakani nikasimama, kama askari wa zamu. Siku hiyo nikapitiliza hatua sita hadi mlangoni kwake, kwa sababu majani yaliyolowa huteleza kama sabuni. Hakuniona. Siku ya tatu aliniona, akasimama dirishani, akainua mkono. Basi, ni hilo tu, na nilishinda na ule mkono siku nzima.

Nilidhani ni mimi tu ninayekuza mambo. Lakini watafiti wawili, Amit Kumar na Nicholas Epley, walichapisha mwaka 2022 matokeo ya majaribio yao, moja likiwa limefanyika kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu huko Chicago. Watu waliombwa kumpa mgeni wasiyemjua kikombe cha chokoleti ya moto, kisha wakisie atafurahi kiasi gani. Walikisia chini. Mtoaji aliona kikombe tu. Mpokeaji alichopokea ni kwamba kuna mtu amemkumbuka kwenye ile baridi. Nadhani hapo ndipo wengi tunapokwama. Wema wetu tunaudharau kabla haujatoka mkononi, tunasema "ah, kitasaidia nini", tunaurudisha mfukoni.

Ipo Siku ya Wema Duniani, tarehe 13 Novemba, ilianza mwaka 1998. Sina ugomvi nayo, ila wema wa siku moja unanikumbusha zile picha zetu za maua. Mimi nafuata vitu vidogo mno hata aibu kuvitaja: ujumbe mkali ulioingia usiku najibu asubuhi, na nikimuuliza mtu hali nasimama nisikie jibu. Kimojawapo kinanishinda hadi leo, nacho ni kumwacha dereva mwingine aingie mbele yangu nikiwa nimechelewa. Napambana nacho.

Lile daftari nalo lilikuwa na ukurasa wa pili ambao sikuupenda. "Chuma ni chuma" mdogo wangu aliisema baada ya mimi kumwita mwizi mbele za watu. Miaka minne nilikuwa nasimulia jibu lake bila kusimulia nilichotangulia kusema. Nilikuwa na deni, na deni hilo halikuwa na uhusiano na cherehani.

Nikaandika ujumbe mara tano. Wa kwanza ulisema nisamehe, lakini na wewe ulikosea. Wa pili ulikuwa mfupi zaidi, ile "lakini" bado imo. Radhi yenye "lakini" ndani yake ni kesi imevaa nguo nyingine. Kufikia wa tano ilishatoka, ila ujumbe ukawa mkavu kama barua ya ofisi, nikaufuta.

Nikampigia. Ilikuwa asubuhi ile saa zinaporudishwa nyuma, kama zinavyorudishwa nchi nyingi za Ulaya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na mimi nimeamka nina saa nzima isiyo na mwenyewe.

"Nani kafa?" aliuliza kabla ya salamu.

Ndivyo tulivyokuwa tumefika: dada akipiga asubuhi, ni msiba.

"Hajafa mtu. Nakuomba radhi kwa kukuita mwizi siku ile, mbele za watu."

Kimya kikawa kirefu hadi nikatazama simu kama imekatika. "Sawa, dada," akasema. Halafu akauliza kama baridi imeanza huku. Tukaongea habari za baridi kwa dakika ishirini. Sijawahi kuongea na mtu habari za baridi kwa muda mrefu hivyo.

Hajaniomba radhi mpaka leo. Cherehani haijarudi, na ziko siku bado nasikia moto mdogo kifuani, hasa nikipita mahali nikasikia ile mashine ikikanyagwa. Uamuzi wangu uko pale pale, hisia zinakuja kwa mwendo wake.

Juzi alinipigia yeye, jioni, giza limeshaingia.

"Dada, mama alikuwa anakunjaje pindo la suruali lisionekane kwa nje?"

Nikamwambia akunje mara mbili, abane kwa pini, kisha sindano ishike nyuzi moja mbili tu za kitambaa kila anapochoma. Alikuwa ameweka simu mezani; nilisikia kiti kikivutwa, nikasikia pumzi za mtu anayetunga uzi na kukosa, anatunga na kukosa.

"Ulowanishe uzi kwanza," nikamwambia.

"Haya." Kimya. "Umepita. Subiri kidogo, nimejichoma."