Barua kwa mwanangu: kabla hujachukua mkopo wa kompyuta mpya

South B, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako wa juzi. Umeniuliza iwapo uchukue mkopo wa sacco ununue kompyuta ya shilingi 85,000, kwa kuwa uliyo nayo imekuwa nzito, inajikokota, na kila ukikaa kufanya kazi unainuka umechoka na ripoti haijaisha. Ukauliza pia mimi nawezaje kuhariri miswada mizima kwenye kipakatalishi kile kile ulichokitumia ukiwa chuoni. Naona umeyaunganisha maswali haya kwa kuamini kwamba uzito wa mashine ndio unaokuchosha. Kwangu ni mambo mawili, na la pili ndilo kubwa.

La mashine ni jepesi, nilimalize kwanza. Kompyuta yako ina RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizo wazi, ya gigabaiti 4, nawe huwa unaacha kurasa nyingi wazi kwenye kivinjari. Kila ukurasa unashika sehemu ya RAM hiyo, na ikijaa, mashine huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, ambayo kasi yake ni ndogo mno, hasa ikiwa ni diski ya zamani inayozunguka. Ndiyo maana unabonyeza kitu kisha unasubiri. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona programu zinazoendelea na kiasi cha RAM ambacho kila moja inakula. Kisha tafuta orodha ya zile zinazojiwasha pamoja na kompyuta, uzime zile usizozihitaji kila asubuhi. Ikibaki nzito, fundi wa Luthuli Avenue anaweza kuitoa diski hiyo na kukuwekea SSD, diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi zaidi, kwa gharama ambayo ni sehemu ndogo tu ya mkopo unaoufikiria.

Najua pia umesikia kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, pamoja na masasisho yake ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kuzikataa prosesa nyingi za zamani. Ni kweli, na mashine nyingi za mitumba zinazouzwa katika maduka ya Moi Avenue zimeangukia hapo. Lakini mashine kukataliwa na Windows 11 hakuifanyi taka. Yangu inatumia Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, katika toleo lake la Xfce lililotengenezwa kwa mashine zenye nguvu kidogo. Mint ni ya bure, hupata masasisho ya usalama, na RAM ya gigabaiti 4 inaitosha kwa kazi ya maandishi. Kama kazi yako ingekuwa kuhariri video au kuchora ramani za majengo ningekushauri vingine, ila wewe unaandika ripoti na kujaza majedwali.

Sasa nije kwenye uchovu wako, ambao ndio ulionifanya niandike barua hii badala ya kukupigia simu.

Ulipokuja nyumbani mwishoni mwa Juni, ulikaa kwenye meza ya kulia chakula ukaniambia unawasilisha ritani ya kodi kabla ya tarehe 30. Nilikuwa upande wa pili nikichambua sukuma wiki, nikakutazama. Ulifungua kompyuta, na kabla hujafika kwenye iTax, tovuti ya kuwasilishia ritani, kidirisha kikajitokeza pembeni mwa skrini kukuambia kuna ujumbe wa WhatsApp, ukaujibu. Jibu likakupeleka kwenye video, na video ikaleta nyingine iliyojianzisha yenyewe ikila bando lako. Ukakumbuka baruapepe ya ofisini, ukaifungua, ukaisoma nusu. Nilipoinuka kuinjika sufuria ulikuwa unalinganisha bei za viatu, na ule ukurasa wa iTax ulikuwa ungali unakungoja uweke nenosiri. Hukuwa mvivu hata kidogo. Mikono yako haikupumzika. Kila ulichokifanya ulikuwa umeitiwa na kompyuta, na kile ulichokiendea hukukigusa.

Mwaka wa 1971, Herbert Simon, msomi wa Marekani ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alieleza kwamba habari zina kitu zinachokula, nacho ni umakini wa anayezipokea. Habari zikizidi, umakini hupungua. Aliyasema hayo kabla ya kompyuta kuingia majumbani. Nimeishi na wazo hilo muda mrefu, na ndilo linaloongoza karibu kila kitu ninachofanya na mashine hii.

Kabla sijafungua kifuniko, naandika kwenye kikaratasi, mara nyingi nyuma ya risiti ya dukani, jambo moja nililolikusudia: "Sura ya tatu, ukurasa wa 40 hadi 52." Kikaratasi kinakaa kando ya kibodi. Nikifika ukurasa wa 52 nafunga kifuniko, hata kama nina muda. Wazo jingine likinijia katikati, kwamba nilipe tokeni za stima au nitafute maana ya neno fulani, naliandika chini ya lile la kwanza na kuendelea, kwa sababu mshika mawili moja humponyoka, na mimi nimeona jinsi kazi ya uhariri inavyoharibika mtu akitoka na kurudi katikati ya sentensi. Hii ndiyo desturi ninayotaka sana uishike. Mengine yote yanaisaidia hii tu.

Arifa zote nimezizima, isipokuwa ile ya betri. WhatsApp ya chama na ya ukoo ipo kwenye simu, na simu ipo chumbani. Kwenye kompyuta sijaiweka kabisa. Uso wa skrini yangu ni wa kijivu na hauna hata faili moja. Ndani kuna folda tatu, Kazi, Nyumba na Hati, na kila jina la faili linaanza na tarehe, mwaka ukitangulia, ili zijipange zenyewe. Ninapoandika nazima Wi-Fi.

Rasimu zangu ni faili za maandishi matupu, zisizo na rangi wala mitindo. Herufi zote za Kiswahili, pamoja na kile kibainishi cha ng', zimo katika ASCII, mpangilio wa herufi uliotungwa Marekani miaka ya 1960, kwa hiyo kila herufi inachukua baiti moja. Mswada wa kurasa 300 hauzidi megabaiti moja, unafunguka papo hapo kwenye kompyuta yoyote, nao hauhitaji leseni ya mtu. Mitindo naiweka mwishoni kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, maneno yakishatulia.

Kuna wanaolichukulia jambo hili kwa ukali, wanaofuta kila kitu na kufanyia kazi kwenye skrini nyeusi yenye amri tupu. Sikubaliani nao. Ofisi yako inataka majedwali, basi yabaki; unapenda muziki wa taarabu ukifanya hesabu, basi ubaki nao, mradi umeuchagua wewe. Ninachokuomba ni ujiulize, kwa kila programu na kila kidirisha, nani amekileta hapo.

Njoo Jumamosi ukiweza, ubebe chaja na ile diski ya nje niliyokupa. Tutanakili faili zako zote kwanza, kisha tuiwashe Linux Mint kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo, uone kama majedwali ya ofisini yanafunguka vizuri. Yakikataa tutaiacha Windows hapo na kukata tu programu zinazojiwasha, na suala la masasisho ya usalama yaliyokoma tutalitafutia njia. Fomu ya mkopo usiitie sahihi kabla ya hapo.

Ni mimi,
Mama yako