Jibu kwa mwalimu wa chekechea (PP2) wa Lamu: hao sungura wawili usiwalete

Usiwalete, dada. Hao sungura unaotaka kuwachukua Mokowe, ng'ambo bara, Jumapili na kuwavusha kwa boti ili wakae na watoto wako wiki nzima, waache huko huko waliko. Umeuliza mambo mengi: kazi za mikono za wiki ya sungura, gundi isiyo ghali, michezo ya kuhesabu, wimbo, na kama zile picha za sungura na mayai ulizopakua kwenye intaneti zinafaa. Nimeyasoma yote. Lakini lile ulilolidokeza mwishoni kama jambo dogo, kwamba "safari hii watamwona sungura wa kweli, atakaa nasi darasani", ndilo lililonifanya nisukume madaftari kando nikuandikie usiku huu.

Nafundisha chekechea Malindi. Nilifanya hivyo hivyo, mwezi huo huo wa tatu.

Nilitoka semina. Mwezeshaji alisimama mbele yetu akasema mtoto hujifunza kwa kitu halisi, kwa hiyo ukifundisha sungura, lete sungura. Tukapiga makofi. Hakutuambia sungura anakula nini, anahimili joto kiasi gani, wala anahisi nini akizungukwa na watoto arobaini wanaopiga kelele. Alisema "leteni", akala chakula cha mchana, akaondoka. Mpaka leo nikikumbuka ile semina roho inanichafuka, kwa sababu alikuwa na saa tatu nzima na sisi na dakika mbili tu zingetosha kutuonya.

Nikaenda sokoni, nikatoa shilingi 2,400 za mfukoni mwangu, nikapewa sungura wawili. Muuzaji akanipa maelekezo matatu, nami nikayapokea kama dawa ya hospitali. La kwanza, sungura hanywi maji, majani yanamtosha, na ukimpa maji atahara afe. La pili, mpe kabeji na karoti kwa wingi. La tatu, mshike masikio, hapo hatakupiga teke.

Yote matatu ni uongo. Nayaandika moja moja kwa sababu nina hakika huyo wako atakwambia vivyo hivyo, maana wanarithishana maneno haya.

Sungura anakunywa maji, tena mengi kuliko unavyodhani kwa ukubwa wake. Wa kilo mbili anaweza kumaliza hata robo lita kwa siku. Hatoki jasho kama sisi. Njia yake kubwa ya kutoa joto mwilini ni yale masikio, ambayo yamejaa mishipa ya damu karibu na ngozi, na kuhema. Hali ya hewa anayoipenda ni nyuzi kama 15 hadi 20. Joto likipita 30 yuko hatarini. Sasa niambie, dada, darasa lako la mabati lina nyuzi ngapi saa sita mchana mwezi wa tatu? Hapa Malindi mwezi huo joto la nje tu hufika 31, 32, na ndicho kipindi cha maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijaingia, hata jani la mnazi halitikisiki. Karatasi ulizopakua zinasema ni majira ya machipuko, theluji inayeyuka na sungura wanatoka mashimoni. Huko kwao ni kweli. Kwetu ni wakati mbaya kuliko wote kwa mnyama mwenye manyoya.

Kabeji inamjaza gesi, na sungura hawezi kutapika wala hana njia rahisi ya kujinusuru tumbo likivimba. Chakula chake hasa ni nyasi kavu. Karoti ina sukari nyingi, ni ya kuonjeshwa kipande. Na kumbeba kwa masikio ni kumtesa. Anaumia, na akirusha mateke bila kushikiliwa chini anaweza kujivunja uti wa mgongo.

Sikujua hata moja katika haya. Nikawaweka kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, kona ya darasa karibu na rafu ya vitabu, watoto 41. Jumatatu ilikuwa kama sikukuu. Tukawapa majina, Mosi na Pili. Jumanne wakaanza kuitafuna katoni, watoto wakacheka sana (meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, lazima atafune kitu). Jumatano nikaona Pili hali vizuri, nikamwongezea kabeji.

Alhamisi, mnamo saa tano na nusu, Pili alikuwa amejinyoosha ubavu, pua imelowa, anahema haraka haraka. Nikajiambia amechoka na kelele. Niligusa sikio likawa la moto kama kikombe cha chai, na bado sikuelewa. Nikarudi ubaoni kufundisha herufi. Nilipogeuka tena hakuwa anahema.

Mtoto mmoja wa kike, wa miaka mitano, alikuwa amechuchumaa kando ya katoni. Akaniuliza, "Mwalimu, amelala?"

Nikasema, "Ndiyo, amelala."

Sikuishia hapo. Nikawaambia watoto wote wanyamaze wasimwamshe. Basi watoto 41 wakatembea kwa ncha za vidole, wakinong'onezana, wakimzunguka sungura aliyekufa, mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Wengine walinikonyeza walipokuwa wanatoka, kuonyesha kwamba wametunza siri ya usingizi wake. Nikamwita mtunza bustani akamzika nyuma ya shule. Ijumaa wakauliza Pili yuko wapi. Nikasema ameondoka usingizini, amekwenda kwao.

Jumatatu mama wa yule mtoto alikuja shuleni kabla ya gwaride. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Mwalimu, umemwambia nini mwanangu kuhusu usingizi?" Mtoto alikuwa amekataa kulala usiku wa tatu sasa. Akifumba macho anashtuka, anamshika mamake nguo, anasema akilala atapelekwa kwao sungura. Kufika saa nne mazungumzo yalikuwa yameshaingia kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, na saa sita mwalimu mkuu akaniita.

Nilistahili kuitwa. Sungura alikufa kwa ujinga wangu, na huo ni uzito tosha, lakini lile neno "amelala" nililisema kwa kuogopa dakika tano za machozi, na likamgharimu mtoto wa watu usingizi wa wiki mbili. Nilikaa nao mkekani Jumanne nikawaambia ukweli: Pili amekufa, amefukiwa, joto lilimzidi, na mimi sikumpa maji. Mmoja akauliza kwa nini sikumpa. Nikasema niliambiwa sungura hanywi maji na nikaamini bila kuuliza. Walilia. Kisha wakataka kupajua alipozikwa, tukaenda, wakaweka maua ya mwasumini, wakarudi wakaomba uji. Ndivyo walivyo. Ningesema hivyo Alhamisi ile ile, yule binti angelala.

Mosi nilimpeleka kwa mzee mmoja anayefuga pembezoni mwa mji. Na hapo ndipo nilipofundishwa, bila makofi. Vizimba vyake vimeinuliwa kutoka ardhini, vimeezekwa makuti, viko chini ya mwembe. Kila kimoja kina chungu kidogo cha maji, kizito, kisipinduke. Siku za joto kali anagandisha maji kwenye chupa za plastiki, anaziweka ndani na sungura wanazilalia. Nilimwambia habari ya muuzaji na maji. Mzee akatikisa kichwa tu.

Tangu siku ile nina sharti moja na silivunji kwa mwezeshaji wala kwa mkaguzi: watoto waende kwa sungura, sungura asije kwa watoto.

Mwaka uliofuata niliomba ruhusa, nikawapeleka kwa mzee yule saa mbili asubuhi, jua likiwa bado changa, kumi kumi, kila kundi na mzazi mmoja. Wanakaa chini mbele ya vizimba, hawagusi, hawapigi kelele, wanatazama kwa robo saa. Nilidhani watachoka. Dada, waliona vitu ambavyo katika siku nne za katoni hakuna aliyeviona, kwa sababu Mosi na Pili muda wote walikuwa wamejikunyata kwa hofu. Waliona kwamba sikio moja laweza kugeuka huku na jingine kule. Waliona pua haitulii. Mtoto mmoja akasema sungura anatafuna hata kama hana kitu mdomoni, kama babu yake na tambuu. Mzee akawaonyesha vitoto vya siku tatu, vyekundu, havina manyoya, macho yamefumba. Akawaambia macho yatafunguka vikitimiza siku kama kumi, wakahesabu kwa vidole wakitaka kurudi siku hiyo.

Na nilipata jibu la swali lililokuwa likinitatiza siku zote. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayemzidi akili fisi na simba, si huyu wa kizimbani. Yule ni wa porini, hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho wazi, karibu tayari kukimbia. Wa kizimbani asili yake ni Ulaya. Sisi tunawaita wote sungura. Nikianza hadithi sasa, "Paukwa!", nao wakaitikia "Pakawa!", wanajua tunayemzungumzia ni yupi, na hunisahihisha nikimpa shimo.

Kazi za mikono zilitoka humo humo kwenye walichokiona. Usinunue pamba. Tumia sufi, bila shaka huko kwenu kuna mtu mwenye msufi au mto mkuukuu wa kufumuliwa. Feni izimwe kwanza, na mtoto mwenye pumu akae mbali mpaka umalize kuigawa, kwa maana inapeperuka na kuingia puani. Mwili wa sungura ni nusu ya kifuu, kimefunikwa kifudifudi, kingo zake zimesuguliwa kwa msasa au jiwe zisikate vidole. Masikio ni vipande vya miyaa, na mkia ni sufi iliyofinyangwa. Miyaa mibichi ukiikunja inakaa unavyotaka, kwa hiyo sikio moja litazame mbele na jingine nyuma, na watoto watakwambia wenyewe kwa nini. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, uliopoa. Pika kidogo kidogo maana siku ya pili unachacha. Kwa gharama yote ile ya wiki hutamaliza shilingi 200.

Zile picha za sungura na mayai, ziache. Ni desturi ya Pasaka ya Ujerumani, imeandikwa huko tangu 1682, na aliyeanza kuleta mayai alikuwa sungura wa porini kabla hajageuzwa huyu mnene wa kwenye karatasi. Kwa watoto wako, ambao wengi wanatoka darasani kwako wanaingia madrasa, ni kuwabebesha sikukuu isiyo yao, na hata wale wanaosherehekea Pasaka hapa Malindi hawana mazoea nayo. Zaidi ya hapo, utatumia nusu ya somo kujibu kama sungura anataga. Hatagi, anazaa, na umetoka kuwaonyesha.

Najua utaniambia Lamu hakuna mzee mwenye vizimba chini ya mwembe. Basi ulizia huko Mokowe, na kama safari ya boti na watoto ni ngumu, badilisha mnyama. Mna punda kila uchochoro, wamezoea watu, wamezoea jua lenu, na masikio yao yanageuka vile vile moja huku moja kule. Kifuu na miyaa havijali. Na lingine ambalo pengine hukulifikiria: mji wako una paka kila ukuta. Unapofunga darasa jioni, nani atalala na hao sungura kwenye katoni?

Kama umeshalipa, mpigie muuzaji kesho asubuhi umwambie abaki nao. Poteza hizo pesa. Kama tayari wako njiani na huwezi kuzuia, wavushe boti ya alfajiri, kwenye kikapu kinachopitisha hewa, kimefunikwa kwa kanga yenye unyevu. Wasilale darasani, wakae nyumba ya mtu kwenye ukumbi wa chini wenye kivuli na ubaridi, mlango umefungwa kwa ajili ya paka. Bakuli zito la maji lisikauke, nyasi kavu, kabeji hapana. Ukiona anahema haraka, pua imelowa, amejinyoosha na masikio ni ya moto, acha kila kitu. Mwondoe kwenye joto, lowesha masikio kwa maji ya kawaida ya mtungi, si ya barafu, na usimzamishe, kisha mpigie daktari wa mifugo hapo hapo. Na mtoto akikuuliza kama amelala ilhali hajalala, mwambie.

Niandikie hapa ukishaongea na huyo muuzaji, hata kama ni usiku.