Ondoa huo mzunguko kabla ya Ijumaa!

Yakhe, sijamaliza hata kusoma swali lako. Umesema seva yako ya Node (JavaScript ya upande wa seva) hulipa watu wa boda kupitia kampuni ya malipo, maombi mengine yanakwama, nawe unataka kuyazungushia try/catch, msimbo wa kunasa hitilafu, yarudiwe mara kumi. Ukauliza pia utumie maktaba gani, usubiri sekunde ngapi na utapimaje. Hiyo mara kumi imenitoa jasho. Mimi niliweka majaribio manne tu.

Tulikuwa tukilipa madereva wa tuktuk. Ofisi yetu Tudor, Mombasa, vyumba viwili na feni moja. Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni programu hujumlisha anachodai kila dereva na kutuma. Taimauti, yaani muda wa kusubiri jibu, nilikuwa nimeiweka sekunde 5. Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani mitambo ya kampuni ikawa mizito: ombi inalipokea, pesa inatoa, lakini jibu linafika baada ya sekunde 8 au 9. Kwetu ikawa TimeoutError, na msimbo wangu hodari ukasema tena, na tena, na tena. Dereva aliyedai shilingi 3,400 akapata 13,600. Akanipigia kushukuru! Alidhani tumetoa ya Idi.

Na ufunguo wa kuzuia malipo marudufu nilikuwa nao, wallahi nilikuwa nao. Ukituma ufunguo uleule mara mbili, kampuni inalipa mara moja tu. Sasa tazama nilipouweka:

async function lipa(deni) {
  const ufunguo = crypto.randomUUID();
  return tumaPesa(deni, ufunguo);
}

Halafu nikaifanya lipa yenyewe ndiyo ya kurudiwa. Kila jaribio likazaliwa na ufunguo wake mpya! Kwa kampuni hayo yalikuwa malipo manne mbalimbali, wakayalipa yote kwa uaminifu. Jumamosi nzima nilishinda kwenye simu na madereva 23. Wengi walirudisha, Mungu awabariki. Wengine hadi leo hawapatikani, ingawa nikipita Mwembe Tayari nawaona na tairi mpya.

Aliyenitia shimoni ni jamaa mmoja wa video, sauti kama ya mtangazaji: "Zungushia kila kitu jaribu-tena, ulale usingizi." Mfano wake ulikuwa kusoma hali ya hewa! Hali ya hewa uiulize mara 40, haikutoi hata ndururu. Hilo neno "kila kitu" ndilo lililoninyima mimi usingizi, yeye akaendelea kuomba watu wabonyeze kengele.

Kwa hiyo: ufunguo uzaliwe pamoja na deni. Uandike kwenye hifadhidata, mstari uleule wa deni, uupe UNIQUE (sharti la kutojirudia), kabla ya ombi la kwanza kutoka. Kila jaribio lisome huohuo, hata seva ikizimika katikati na kuwaka upya. Taimauti haikwambii pesa haikutoka, inakwambia wewe hukusikia jibu. Umemtuma mtoto dukani kwa unga, amechelewa, ukamtuma wa pili na pesa nyingine: usishangae wakirudi wote na pakiti. Na kama kampuni yako haipokei ufunguo, usirudie kabisa. Uliza kwanza hali ya muamala, ukikosa jibu liweke deni kando, mtu aliangalie asubuhi. Dereva atakutukana usiku mmoja, utapona.

Sekunde? Anza na 1, kisha 2, kisha 4, uchanganye na nasibu kidogo maombi yote yasigonge mlango pamoja. Ukipata jibu la 429 (maombi yamezidi), soma Retry-After, muda wa kusubiri uliotajwa kwenye jibu, uitii. Ukipata 400 (ombi lina kosa) acha, hata kesho itakuwa 400.

Sasa bandika hapa hicho kitendakazi chako cha kulipa. Nataka kuona ufunguo uko mstari gani.