Kupima antioksidanti za juisi ya mabibo kwa elektrodi: kifaa kinasoma nini hasa?

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba kikundi chenu huko Masasi kinasindika juisi ya mabibo (tunda la mkorosho), na mnataka kujua kama kifaa kidogo chenye elektrodi kinaweza kuwapa kiwango cha antioksidanti (viambata vinavyozuia uharibifu unaoletwa na oksijeni) papo hapo, bila kusafirisha sampuli hadi Dar es Salaam. Kinaweza, na nimekitumia kwa juisi hiyohiyo hapa Mtwara mjini, ila ni lazima mfahamu kinachosomwa.

Antioksidanti hufanya kazi kwa kutoa elektroni. Kifaa hupandisha volteji hatua kwa hatua kwenye elektrodi ya kaboni, na kila kiambata kikifikia volteji yake hutoa elektroni, mkondo wa umeme ukaongezeka na kuchora kilele kwenye grafu. Mahali pa kilele hudokeza aina ya kiambata, na urefu wake hudokeza wingi. Ugumu wa bibo ni kwamba lina vitamini C nyingi kupita chungwa, pamoja na tanini zinazolipatia ule ukakasi wa kukaza ulimi, na vilele vya viwili hivyo mara nyingi huingiliana. Mkiandika jumla yake kwenye chupa kuwa ni vitamini C, mtakuwa mmemdanganya mnunuzi.

Ninachowashauri ni kupima juisi ghafi na juisi ileile iliyosafishwa kwa jelatini, ambayo hushikamana na tanini na kuzituamisha. Kilele kinachopungua sana baada ya kuchuja kina mchango wa tanini. Kisha ongezeni ndani ya sampuli yenyewe vitamini C safi ya kiasi kinachojulikana, mtazame kilele kipi kinakua na kwa kiasi gani. Bafa, yaani myeyusho wa kushikilia pH (kipimo cha asidi) mnamopimia, isibadilike, kwa sababu pH ikipanda kwa 1, kilele cha fenoli nyingi (kundi la viambata ambalo tanini zimo) husogea kwa takribani milivolti 59.

Kinachowaponza wengi ni uso wa elektrodi. Fenoli zikishaoksidishwa huungana na kuacha utando, hivyo kilele cha pili hutoka kifupi kuliko cha kwanza, na cha tatu kifupi zaidi, ilhali juisi haijabadilika. Elektrodi ya kudumu hung'arishwa kwa unga laini wa alumina kila baada ya kipimo. Zile za kuchapishwa, mfano wa vijiti vya kupimia sukari ya damu, hutumika mara moja na kutupwa. Kwa kikundi kinachoanza, ningechagua hizi za kutupwa. Pimeni siku ileile mnayokamua, maana juisi ya bibo huchacha upesi na vitamini C hupungua ikikaa hewani.