Mpira wa Kimarekani: wanacheza wangapi, na kwa nini benchi linajaa hivyo?

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili: timu ina watu wangapi hasa, maana umeona pembeni wamejipanga utadhani gwaride la Uhuru, na kwa nini mchezo unasimama kila baada ya sekunde tano. Niko Columbus, Ohio. Kijana wangu alicheza huu mpira shuleni, na wazazi huombwa kujitolea kazi za pembeni mwa uwanja. Mimi nilipangiwa kushika mnyororo wa kupimia umbali. Nitakueleza kwa jinsi nilivyouona kutokea pale.

Uwanjani ni 11 kwa 11, sawa na soka. Tofauti ni kwamba kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, na aliyetoka anaweza kurudi muda wowote mpira ukiwa umesimama. Kwa hiyo timu moja ni kama timu tatu: kuna 11 wa kushambulia, 11 wa kuzuia, na kikosi cha mipira ya kupigwa kwa mguu. Mpira ukihamia kwa wapinzani, wale 11 wanatoka wote, wanaingia wengine. NFL, ligi ya kulipwa, inaruhusu klabu kuwa na wachezaji 53 msimu ukianza, na siku ya mechi wanaoruhusiwa kucheza hawazidi 48. Zamani mtu alishambulia na kuzuia humo humo. NFL iliruhusu moja kwa moja mabadiliko yasiyo na kikomo mwaka 1950, na tangu hapo kila mtu akawa fundi wa kazi yake moja. Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, alipata nafasi yake kwenye hicho kikosi cha tatu. Inaeleweka: pale kazi ni kukimbia uwanja mzima na kumwangusha mwenye mpira, kitu ambacho mtu wa raga amekulia nacho.

Shule ndogo za vijijini zisizo na vijana wa kutosha hucheza wanane kwa wanane, na Texas wapo wanaocheza sita kwa sita, kwenye uwanja mdogo zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu anakubishia idadi, muulize kwanza anazungumzia mpira wa wapi. Kanada nao ni 12.

Sasa huo mnyororo. Una urefu wa yadi 10, yaani mita 9 na kidogo, na kila mwisho umefungwa kwenye mti. Mti wa nyuma unasimama pale timu ilipoanzia, wa mbele unaonyesha inapotakiwa kufika. Mtu wa tatu anashika kibao chenye namba 1 hadi 4, kuonyesha ni jaribio la ngapi. Sheria mama ni hii: una majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ukifika, unapewa mengine manne. Usipofika, mpira ni wa wenzako, hapo hapo ulipokwama.

Sheria hii ilikuja kwa sababu. Mwaka 1881 vyuo vikuu vya Princeton na Yale walicheza, kila mmoja akaukumbatia mpira kipindi kizima, mechi ikaisha bila bila na watazamaji wamenuna. Mwaka uliofuata ikawekwa kanuni: yadi 5 kwa majaribio matatu, la sivyo toa mpira. Hizi yadi 10 kwa majaribio manne ni za tangu 1912.

Chukua mfano. Timu inaanzia yadi 30 ya upande wake, yaani yadi 30 kutoka mstari wake wa goli. Jaribio la kwanza wanakimbia nao, wanapata yadi 3. La pili, kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, anarusha pasi, inaanguka chini: hakuna kilichopatikana, mpira unarudishwa ulipokuwa na saa inasimama. La tatu, pasi inadakwa, yadi 6 na ushei. Wako yadi 39 na ushei, wanaitafuta 40. Hapo ndipo refa anatuita tuingie. Kabla ya kuondoka tunashika kile kibanio kidogo kilichobanwa kwenye mnyororo, pale ulipokatiza mmoja wa mistari iliyochorwa kila baada ya yadi tano, ili tukifika katikati tuuweke palepale bila kubahatisha. Mnyororo unavutwa ukakaza, uwanja mzima kimya, na ncha ya mpira inapungukiwa upana wa kiganja. (NFL tangu msimu wa 2025 wanapima kwa kamera, mnyororo umebaki wa akiba. Kwangu mimi wamepunguza utamu.)

Jaribio la nne ndilo linamtenganisha kocha na mashabiki wake. Akijaribu tena akakosa, wapinzani wanaanzia yadi 39 tu kutoka kwenye mstari wake. Kwa hiyo wengi huupiga mpira kwa mguu uende mbali, wapinzani waanzie kwao. Angekuwa karibu na viguzo vya wapinzani angepiga apate pointi 3. Hesabu ya umbali ni rahisi: chukua yadi zilizobaki kufika mstari wa goli, ongeza 17. Ukiwa yadi 30 ya upande wa wapinzani, hiyo ni shuti la yadi 47.

Pointi nyingine: kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli ni 6, halafu unapiga kwa mguu uongeze 1, au unajaribu kuuingiza tena kwa mchezo wa kawaida uongeze 2. Ukimwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe la goli, unapata 2 na mpira unaletewa wewe.

Pasi ya kwenda mbele ni moja tu kwa kila jaribio, na lazima itokee nyuma ya mstari mpira ulipoanzia. Kurusha nyuma ni ruksa wakati wowote. Na wale mabonge watano wa katikati, jezi 50 hadi 79, kwa kawaida hawaruhusiwi kudaka pasi ya mbele. Kazi yao ni kumlinda kwotabeki. Mtazame yule wa kushoto kabisa, analipwa pesa ndefu na kamera haimfuati kamwe.

Kuhusu kusimama: NFL ni robo nne za dakika 15, shule za sekondari dakika 12. Kati ya jaribio na jaribio timu ina sekunde 40 za kujipanga, na hapo kocha anabadilisha watu kulingana na kibao: namba ngapi, yadi ngapi zimebaki. Ndiyo maana dakika 60 zinakula zaidi ya saa tatu. Fainali ya Super Bowl huwa Jumapili ya Februari, na kwa saa za huko nyumbani inaanza kama saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo omba ruhusa kazini mapema.