Ukitaka kuijua Moshi, anzia stesheni

Mara ya kwanza kuwatembeza wageni Moshi nilikosea. Walikuwa binamu zangu wawili kutoka Dar. Nikakodi gari, tukazunguka mji kwa saa mbili, jua la saa saba likiwa utosini, wakarudi na picha ya mnara wa saa, basi. Mdogo akaniuliza, "Dada, sasa hapa cha zamani ni kipi?" Mimi nimekulia Njoro, hapa hapa Moshi. Swali lile liliniuma.

Tangu siku hiyo kila mgeni wangu naanza naye stesheni ya reli, kwa miguu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mlima haujajifunika. Moshi hii ya mjini ni mtoto wa reli. Boma la kwanza la Wajerumani lilikuwa juu, Old Moshi. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilikuja kwa kusuasua mpaka ikafika huku mwaka 1911, ikakomea chini kwenye tambarare. Maduka yakaifuata reli, ofisi nazo zikafuata, mji ukashuka mlimani. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mji ulishuka, wewe upande. Anzia stesheni, malizia Old Moshi.

Pale stesheni msalimie mlinzi, mweleze umekuja kutazama, na uombe ruhusa kabla hujatoa simu kupiga picha. Nilipokuwa mdogo nyasi ziliota katikati ya mataruma, kwa kuwa treni ya abiria ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kuja. Iliporudi Desemba 2019, mama alivaa kanga mpya akaenda kuipokea, na hakuwa na safari yoyote.

Ukitoka hapo, panda taratibu kuelekea mnara wa saa, na macho yako yapite juu ya mabango ya simu na vocha. Kwenye paji la maghorofa ya zamani utakuta mwaka ulioandikwa kwa saruji, au jina la familia ya Kihindi iliyojenga, duka chini na makazi juu. Kuna mlango mmoja wa mbao wa kukunja ambao huwa siupiti bila kuugusa. Pale kufuli linapogonga kila jioni pamechimbika kishimo laini kinachoingia ncha ya kidole. Fundi hakukichonga, kimechongwa na kufunga na kufungua duka. Majengo ya namna hii yanavunjwa mtaa kwa mtaa, kwa hiyo usiahirishe. Mnara wa saa wenyewe usikuchukulie muda, piga picha upite.

Muda wako uwekeze kwenye jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Wengi hulipita wakidhani ni ofisi tu. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kichaga waliunda chama chao, Joseph Merinyo akiwa kiongozi, wakati walowezi hawakutaka kabisa Mwafrika alime kahawa. Mwaka 1933 kikaja Chama Kikuu, KNCU, mojawapo ya vyama vya ushirika vikongwe Afrika. Kahawa ile ilisomesha watoto, ikaezeka nyumba kwa bati, ikajenga shule. Babu yangu alikuwa akibeba magunia mpaka chama cha msingi, na stakabadhi zake alizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Kwa hiyo nikisimama mbele ya jengo lile huwa namwona yeye. Agiza kikombe cha kahawa mahali popote jirani, uinywe bila haraka.

Baada ya hapo panda daladala hadi Kiboriloni, kisha chukua usafiri wa kwenda Kidia, huko Old Moshi. Msimu wa masika vaa viatu vya kushika, udongo wa migombani unateleza vibaya. Na ukifika usikimbilie ule mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli. Tafuta mzee, mwamkie, mwombe akupeleke. Huko neno mangi halimaanishi mwenye duka kama tulivyozoea mjini, ni mtawala wa Wachaga. Mangi Meli, mwana wa Mangi Rindi, aliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892. Mwaka uliofuata walirudi na jeshi kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga hapo Tsudunyi, pamoja na viongozi wengine 18. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na hadi leo wanakitafuta. Mwaka 2023 huko Berlin vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa baadhi ya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro yana ndugu walio hai huku kwetu. La Meli halikuwemo.

Mara ya mwisho nilikwenda na yule yule binamu mdogo. Mzee aliyetupeleka alivua kofia hatua kadhaa kabla ya kufika kwenye mti, akaishika kifuani, akatuonyesha kwa kidevu, wala hakunyoosha kidole. Binamu alikuwa ameshatoa simu. Akairudisha mfukoni, akauliza, "Babu, waliobaki walizikwa wapi?" Mzee akakaa kwenye jiwe, akaanza kutusimulia, na daladala tuliyopanga kurudi nayo ikatuacha.