Farasi msitu wa Mlima Kenya mwezi wa Aprili?
Dada, hiyo safari yenu ya farasi ya Aprili ningeisogeza hadi Januari au Februari. Masika ni Machi hadi Mei. Njia za msituni huwa utelezi mtupu, na farasi akiteleza mteremkoni mnaanguka naye. Msiingie bila kiongozi anayeujua msitu, mle mna nyati na ndovu. Asubuhi kabla ya kutandika, inueni kila mguu mtoe mawe kwenye kwato, kisha pitisheni kiganja mgongoni: akishtuka ukimgusa, huenda anaumwa, asibebe mtu siku hiyo. Mkanda wa tandiko ukazwe tena mkishatembea kidogo, hulegea. Ambao hawajawahi kupanda farasi tafadhali wajifunze kwanza huku Karen, Nairobi.